Malalamiko kuhusu enzaimu yenu ya kuku wa nyama

Habari za kazi ndugu zangu wa huduma kwa wateja,

Mimi ni mfugaji wa broila huku Chanika, chakula nachanganya mwenyewe, na naandika nikiwa na uchungu maana batchi iliyopita imeniumiza kwelikweli.

Afisa mauzo wenu alikuja bandani akanieleza kwamba fosforasi nyingi iliyomo kwenye mahindi, pumba na mashudu ya alizeti imefungwa, tumbo la kuku peke yake haliwezi kuifungua vizuri, faitesi iliyomo kwenye enzaimu yenu ndo inaifungua, kwahiyo nipunguze DCP (ule unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi tunaochanganya kwenye chakula), gharama zishuke na kuku wakue vizuri. Hiyo sayansi ipo na siipingi. Shida ni huo mzigo mliotuletea.

Paketi haijaandikwa yuniti za faitesi (FTU, kipimo cha nguvu yake). Wenzenu wanaandika FTU ngapi kwa gramu, mtu anapiga hesabu apate zile 500 hivi kwa kilo ya chakula, nyie mmeweka picha ya kuku mnono na maneno "hukuza haraka" basi. Tarehe ya kutengenezwa hakuna, joto la kuhifadhia hakuna, na kwa wakala wenu hapa paketi zimepangwa juu kabisa chini ya bati, na jua hili la Dar! Enzaimu ni protini jamani, joto na unyevu vinaiua. Halafu wanaopeleka chakula kwenye mashine ya peleti ya mvuke, ambako joto linafika nyuzi 80 na zaidi, mbona hamuwaambii kama yenu inahimili au la?

Kufika wiki ya tatu vifaranga wangu wakaanza kukalia magoti, wanajikokota kwenda kwenye maji, mdomo ukiubonyeza unapinda kama mpira. Daktari wa mifugo alipofika akasema hiyo ni fosforasi imepungua, rudisha DCP leoleo. Wengine walinyanyuka ila uzito haukufika, wengine nimewazika.

Naomba mnirudishie hela ya enzaimu na mnifidie kuku waliokufa, nina risiti na picha. Paketi moja sijaifungua, njooni muichukue mkapime maabara na majibu mnipe kwa maandishi. Na mzigo ulioko kwa wakala uondoeni kwanza, kuna kina mama hapa mtaani wameshaununua na wanapunguza DCP kwa maelekezo yenu hayohayo.

Nasubiri simu yenu wiki hii.

Mfugaji, Chanika