Chipu ya macho: tuambieni ni ya kipofu yupi

Kwako Mhariri,

Assalam aleykum. Naandika kuhusu hizi habari za chipu ya kuwarudishia vipofu macho, manake kila zikitoka, iwe ni gazetini au klipu za WhatsApp, kichwa ni kile kile, vipofu sasa kuona, na ukisoma mpaka mwisho hakuna anayekueleza ni vipofu gani na hiko wanachoona ni kitu gani. Watu wanaumia kwa hilo.

Ami yangu hapa Kisauni presha ya macho imemchukua macho yote mawili. Juzi akatumiwa klipu ya wazee wa Ulaya waliowekewa kichipu nyuma ya jicho wakaanza kusoma herufi. Habari yenyewe ni ya kweli, ni chipu aliyoibuni Profesa Daniel Palanker wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani na majibu ya wazee 38 yalitoka 2025. Basi nyumbani ikawa ni vikao kila usiku, kiwanja kiuzwe, pasipoti ishughulikiwe, na ami mwenyewe haachi kuuliza tunaenda lini. Ilibidi nikae nisome mpaka nielewe. Wale wazee kilichoharibika ni retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwao imechakaa katikati kwa uzee lakini mshipa wa kupeleka habari kwa ubongo bado ni mzima. Presha ya macho inaua mshipa wenyewe. Hapo ukiweka chipu jichoni ni sawa na kubadilisha balbu na waya umekatika ndani ya ukuta, nami ndiye niliyemwambia ami hivyo, na sikupenda kuwa mimi.

Lakini kuna utafiti mwingine unaomhusu yeye hasa na huo hausemwi kabisa. Ni ule wa kuliruka jicho na mshipa ukaenda kwa ubongo wenyewe, tena kule kisogoni, sababu sehemu ya ubongo ya kuonea iko nyuma ya kichwa. Mtafiti Giles Brindley alijaribu Uingereza tangu miaka ya 1960, alimwekea mama mmoja kipofu vyuma vidogo juu ya ubongo, akipitisha umeme mama yule anaona vinukta vya mwanga. Ukifumba macho ukayasugua vile vimwangaza unavyoona ni vya jamii hiyo hiyo.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya Profesa Eduardo Fernández wa Elche, Uhispania. Yeye na wenzake walimwekea mwanamke aliyekuwa mwalimu, aliyeishi na upofu kwa miaka 16, kisahani cha milimita 4 kila upande chenye visindano 96 ndani ya ubongo kwa miezi 6, halafu kikatolewa. Anavaa miwani yenye kamera, kamera inapeleka picha kwa kompyuta, kompyuta inaamua kisindano gani kipigwe umeme, na yeye anaona vinukta vimejipanga. Baada ya mazoezi mengi akatambua mistari, mipaka ya vitu na baadhi ya herufi. Hiyo ilitoka 2021. Sura ya mtu hakuiona. Na si ajabu, manake mshipa wa jicho zima una nyuzi kama milioni 1 na pale kuna visindano 96, hata wale nyani wa majaribio wa mtafiti Pieter Roelfsema kule Amsterdam walioweza kutambua herufi walikuwa na visindano 1,024. Mimi hilo kwangu ni jambo kubwa wallahi, mtu aliyekuwa gizani miaka 16 aambiwe hii ni herufi gani ajibu, lakini tulipewe kwa kipimo chake.

Na msisahau yaliyowapata watu wa Argus II, chipu nyingine ya kuwekwa jichoni. Hiyo iliruhusiwa Marekani 2013, ikawekwa kwa watu zaidi ya 350 duniani, kisha 2019 kampuni ikaacha kuitengeneza na pesa zikaiishia, watu wakabaki na chuma ndani ya jicho na ikiharibika hakuna wa kuirekebisha. Wengi wao walikuwa Marekani na Ulaya hao. Sasa wa Kisauni ikimzimikia atampigia nani?

Kwa hivyo Mhariri mkiandika tena muulize maswali hayo, ni ugonjwa upi, mtu anaona nini hasa, na nani ataitunza hiyo mashine miaka 10 ijayo. Na daktari wa macho mkimpata aanze na presha ya macho, mara nyingi inakuja bila maumivu na inakula kuona kwa pembeni kwanza ndo mana watu hawashtuki, na macho iliyoyala hayarudi ila yaliyobaki dawa ya matone inaweza kuyashikilia. Ami ana watoto saba na ugonjwa huu unatembea ndani ya ukoo. Wawili wamekubali kwenda kupimwa wiki hii, hao wengine wanangoja chipu.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa