Barua ya malalamiko: mmeniwekea tangazo chini ya kidole cha msomaji, kisha mkanikata kwa kuwa limebofywa

Kwa Meneja,
Idara ya Wachapishaji.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATWA MAPATO KWA MIBOFYO ILIYOSABABISHWA NA MFUMO WENU WENYEWE

Ninamiliki tovuti inayofundisha ufundi wa cherehani: kuifungua, kuisafisha, kupitisha uzi, kurekebisha mkazo, kubadilisha mkanda. Natumia mfumo wenu wa kupanga matangazo kwa mwezi wa 11 sasa. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu kwa miezi miwili mfululizo mlinikata zaidi ya nusu ya mapato yangu mkidai tovuti yangu ina mibofyo batili, yaani ya hila au isiyokusudiwa, na mibofyo hiyo imeletwa na mfumo wenu. Ushahidi ninao. Nimeutuma mara 6 kupitia fomu ya rufaa, na mara zote 6 nimejibiwa kwa maneno yale yale. Jibu lililowahi kuliko yote lilifika baada ya dakika 4. Video niliyoambatanisha ina dakika 7.

Kabla ya kuja kwenu nilikuwa naweka matangazo kwa mkono, matatu kwa kila ukurasa, na mapato yalikuwa haba. Wenzenu wa mauzo walinieleza kwamba mfumo utausoma ukurasa wenyewe, utachagua mahali pa kuweka tangazo, na kila nafasi itaingia mnadani ambako wanunuzi wengi wanashindana ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Nilikubali. Nikaweka skripti yenu, kile kipande cha msimbo kinacholeta matangazo, kwenye kurasa zote, nikanakili orodha yenu ndefu ya wauzaji kwenye faili la ads.txt, lile ambalo tangu 2017 wenye tovuti tunalitumia kutangaza hadharani ni nani tumemruhusu kuuza nafasi zetu. Na sitaficha lililo jema: miezi ya mwanzo mapato yalipanda kwa karibu robo. Fedha hiyo ililipia sava na ikamlipa mtu anayenichorea michoro ya masomo. Niliwasifia kwa wenzangu wenye tovuti, na wawili wakajiunga.

Mwanzoni mwa mwezi wa 7 ikaja barua pepe fupi kwamba mfumo "umeboreshwa". Sikuombwa ridhaa wala sikuelezwa kilichobadilika. Kuanzia siku hiyo matangazo yakaanza kujipenyeza katikati ya hatua za masomo.

Naomba nikueleze masomo yangu yanavyotumika, maana hapa ndipo penye kiini cha yote. Somo la kupitisha uzi lina hatua 9. Kila hatua ina picha moja, maelezo mafupi, na chini yake kitufe kimoja: "Hatua inayofuata". Msomaji wangu hasomi akiwa amejiegemeza kwenye kiti. Amelaza simu mezani kando ya cherehani, mikono yake miwili iko kazini, mmoja umeshika uzi, mwingine unazungusha gurudumu ili sindano ipande. Anaangalia picha, anafanya, anarudi kuangalia. Dakika 2 au 3 zinapita simu ikiwa hapo hapo. Akimaliza ananyoosha kidole bila hata kuinua kichwa sawasawa, anabonyeza kitufe.

Mfumo wenu umeweka tangazo juu tu ya kitufe hicho, na unalibadilisha kila baada ya sekunde 30. Tangazo jipya mara nyingi halilingani kwa urefu na lililotangulia. Lililokuwa fupi linaondoka, linaingia refu, na kitufe kinasukumwa chini wakati kidole kiko njiani. Mahali palipokuwa na kitufe pana tangazo.

Sikuligundua hili kwenye dashibodi yenu. Nililigundua nikiwa nimeketi kando ya mama mmoja fundi, ambaye amekuwa akijifunza kwa tovuti yangu tangu mwanzo. Alikuwa ametoa bobini, ameisafisha, anairudisha. Akafika hatua ya 5, akabonyeza, simu ikafungua ukurasa wa magodoro. Akarudi nyuma, somo likaanza upya hatua ya 1. Akasogeza hadi ya 5, akabonyeza, magodoro tena. Mara ya tatu akaweka simu kifudifudi, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, nimekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Nilichukua simu yangu, nikapiga video skrini ile kwa dakika 7, na ndiyo video niliyowatumia mara 6. Kwenye dakika ya 3 kitufe kinaonekana wazi kikishuka kwa takribani upana wa vidole viwili.

Kuyumba huku kwa ukurasa kuna kipimo chake, na nyinyi mnakijua kuliko mimi. Google walikitangaza mwaka 2020 pamoja na vipimo vingine vya ubora wa kurasa: kisizidi 0.1, na kikipita 0.25 ukurasa unahesabiwa mbovu. Somo langu lilikuwa na 0.03 kabla ya maboresho yenu. Baada yake lilifika 0.41. Pia upo mwongozo wa Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni unaoweka viwango vya matangazo yasiyowaudhi wasomaji, unaosema kwamba kwenye simu matangazo yasichukue zaidi ya 30% ya urefu wa maudhui ya ukurasa. Kwenye somo lile nilipima nikapata 38%. Tangu Februari 15, 2018, kivinjari cha Chrome huzuia matangazo kwenye tovuti zinazoshikilia kuvunja mwongozo huo. Adhabu hiyo ikija inaiangukia tovuti yangu, siyo mfumo wenu. Wasomaji hawajui hata kama nyinyi mpo. Wanajua tovuti ya cherehani imeharibika.

Nimejiuliza sana kwa nini mfumo uling'ang'ania nafasi ile, nikaona sababu mbili. Ya kwanza ni kuonekana. Kwa kanuni ya biashara hii, tangazo la picha linahesabiwa kuwa limeonekana endapo angalau nusu yake imekaa kwenye skrini kwa sekunde 1 mfululizo. Kwenye masomo yangu simu inakaa wazi kwa dakika nzima mahali pamoja, kwa hiyo hakuna nafasi inayoonekana zaidi ya ile iliyo karibu na kitufe. Sababu ya pili ndiyo inayoniumiza. Mfumo unajifunza kutokana na mapato. Kila kidole kilichopotea njia kiliingia kwenye hesabu zake kama ushindi: hapa panabofywa, ongeza hapa. Ukaongeza. Wiki ya kwanza tangazo lilikuwa kwenye hatua 2, na kufikia wiki ya tatu lilikuwa kwenye hatua 8 kati ya 9.

Halafu ukaja mfumo wenu mwingine, ule wa kukagua mibofyo. Huo ukaona watu wanabofya tangazo na kutoka kabla ya sekunde 2. Ukaona kiwango cha mibofyo, yaani mara ngapi tangazo linabofywa kwa kila mara 100 linapoonyeshwa, kimefika 4.6%, wakati kwa miezi 6 ya mwanzo hakikuwahi kufika 1%. Ukahitimisha kwamba mwenye tovuti anadanganya, na kwa mtazamo wake haukukosea kushuku. Ila mifumo yote miwili ni yenu. Mmoja uliweka tangazo mahali pa kubofywa kwa makosa, wa pili ukaona makosa hayo, na hamkuwa na mtu hata mmoja wa kuwauliza wote wawili swali moja: nafasi hii ilichaguliwa na nani?

Mwezi wa 7 mkanikata 61%. Mwezi wa 8 mkanikata 54%. Kwenye akaunti yangu mkaweka onyo la "shughuli zisizo halali", maneno ambayo sijawahi kuandikiwa na yeyote maishani mwangu. Sijawahi kununua trafiki, yaani kulipia wageni waletwe kwenye tovuti. Sijawahi kumwomba ndugu wala rafiki abofye tangazo. Nimeandika masomo 140 kwa mkono wangu, na kila cherehani iliyomo picha zake nimeifungua mwenyewe.

Tarehe 22 ya mwezi wa 8 niliingia kwenye mipangilio na kuzima matangazo ya ndani ya maudhui. Kiwango cha mibofyo kilishuka hadi 0.8% kesho yake. Nilidhani yamekwisha. Baada ya siku 7 yakarudi. Nilipoingia nikakuta mpangilio umewashwa tena, na pembeni yake maelezo kwamba mfumo "unafanya majaribio ili kuongeza mapato". Nikazima mara ya pili, ukawashwa mara ya pili. Mwishowe nikalazimika kuweka alama ya kukataza ndani ya msimbo wa kila somo, kazi iliyonichukua usiku 4. Tangu hapo, makato ya mwezi wa 9 na wa 10 hayakufika hata 1%. Wasomaji ni wale wale, masomo ni yale yale, tovuti ni ile ile. Kilichoondoka ni nafasi zilizochaguliwa na mfumo wenu. Sijui ni ushahidi gani zaidi mtu anaweza kuleta.

Kuna jambo jingine ambalo fomu yenu haina hata kisanduku cha kuliandikia. Fedha mliyonikata ilikwenda wapi? Mkataba unasema makato ya mibofyo batili hurudishwa kwa waliolipia matangazo "inapowezekana". Nataka kujua kama katika miezi yangu miwili iliwezekana. Ikiwa mwenye magodoro alirudishiwa fedha yake, nitameza uchungu wa sehemu hiyo, kwa kuwa yeye pia aliuziwa vidole vilivyopotea njia. Ikiwa hakurudishiwa, basi fedha ya mibofyo mnayoiita batili imebaki kwenu. Naomba pia kuelezwa mgawo wetu halisi. Google walitangaza hadharani mwaka 2010 kwamba mchapishaji, yaani mwenye tovuti, anayetumia AdSense, huduma yao ya matangazo, wakati huo alikuwa akipata 68% ya kinacholipwa kwa matangazo ya kwenye maudhui. Mkataba wenu unasema "sehemu ya mapato halisi" bila kutaja ni sehemu gani, na taarifa ya kila mwezi inaonyesha jumla tu. Sikulitilia maanani wakati mambo yanakwenda vizuri, na hilo ni kosa langu.

Na hasara haikuishia kwenye makato. Wanunuzi kwenye mnada nao wana mifumo yao, na waliona kwamba watu wanaotoka kwangu hawanunui chochote. Bei wanazotoa kwa nafasi zangu zimeshuka na hadi leo hazijarudi zilipokuwa mwezi wa 6, ingawa matangazo sasa ni machache na yako mahali pa staha. Jina la tovuti linajengwa polepole kwenye minada hiyo, na langu lilichafuliwa kwa wiki chache bila mimi kujua.

Sina ugomvi na kazi kufanywa na mashine. Mtu mmoja hawezi kuuza nafasi za masomo 140 kwa mkono, na kwa sehemu kubwa ya mwaka huu mfumo wenu ulinisaidia kwa haki. Ninachokidai ni kwamba mashine ikikosea, awepo mtu wa kusema imekosea, na gharama ya kosa isimwangukie yule ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo naomba mtu mwenye jina na cheo aitazame video yangu yote, alinganishe na kumbukumbu zenu za nafasi zilizochaguliwa na mfumo kati ya siku ya maboresho na tarehe 22 ya mwezi wa 8, kisha anijibu kwa maandishi. Kumbukumbu za sava yangu za kipindi hicho nimeziambatanisha, nikiwa nimeondoa taarifa za kuwatambulisha wasomaji. Naomba nilipwe mapato ya maonyesho halali ya miezi ile miwili, kwa sababu mlikata hadi fedha ya matangazo yaliyoonekana tu bila kubofywa, na hayo hayana ubatili wowote. Kwa makato ya mibofyo, nipewe uthibitisho kwamba waliolipia walirudishiwa, au nilipwe sehemu yangu. Onyo lililo kwenye akaunti yangu liondolewe, na niandikiwe kwamba liliwekwa kimakosa, kwa kuwa nikienda kwa kampuni nyingine swali la kwanza nitakaloulizwa ni kama nimewahi kupewa onyo.

La mwisho siliombi kwa ajili yangu peke yangu: mpangilio ambao mwenye tovuti ameuzima ubaki umezimwa. Msiuwashe kwa jina la majaribio. Wenzangu wawili niliowaleta kwenu wana tovuti za mapishi zenye hatua na vitufe kama zangu, na mmoja ameshapokea onyo la kwanza wiki iliyopita. Nimempigia simu na kumwomba radhi.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14 kuanzia tarehe ya kupokea barua hii. Zikipita kimya, nitaondoa skripti yenu kwenye kurasa zote, nitafuta mistari yenu kwenye ads.txt, na nitafungua madai kwa utaratibu wa usuluhishi uliotajwa kwenye mkataba. Yule mama fundi bado anatumia masomo yangu. Siku hizi kabla ya kubonyeza "Hatua inayofuata" anasimamisha mikono, anaikodolea macho simu kwanza, ndipo anabonyeza.

Wako katika kazi,

Mmiliki wa tovuti ya mafunzo ya cherehani

Viambatanisho: video ya skrini ya dakika 7; kumbukumbu za sava za mwezi wa 7 na wa 8; picha za mipangilio kabla na baada ya kuwashwa upya; nakala za rufaa 6 na majibu yake.