Dada, mtoto hana mapunye

Dada, shikamoo.

Tangu harusi ile simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma hujibu. Ndiyo maana naandika hapa, ambapo najua mtu atakuonyesha kabla ya magharibi. Jina lako sitalitaja, wala la mtoto.

Kwanza hilo la dawa ya mapunye unayompaka mwanao kichwani. Mtoto hana mapunye. Mapunye hutoa magamba, na tiba yake ni vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa. Ile krimu unayompaka isingeyaondoa hata kama yangekuwepo. Mtazame utosi mchana, penye mwanga. Utaona nywele zimekatika kwa urefu tofauti, nyingine fupi kama ndevu za jana, nyingine ndefu, na ngozi chini yake ni safi. Hivyo ndivyo kichwa kinavyokuwa mtu anaponyofoa nywele zake mwenyewe. Madaktari wanaiita trikotilomania, jina alilolitoa daktari wa ngozi Mfaransa, Hallopeau, mwaka 1889. Vile vidonda vya mabegani ni ndugu yake, maana ni yeye anayejichuna ngozi. Nalo hilo ni tatizo linalotambuliwa: limo kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani tangu 2013. Kati ya watu 100, mmoja au wawili hunyofoa nywele, na wengi huanza wakiwa na miaka kati ya 10 na 13. Hutembea kwenye ukoo pia. Unakumbuka nyusi za bibi, zilivyochorwa kwa wanja kila alfajiri kabla hajaonekana na mtu? Simsemei marehemu. Nauliza tu.

Shirika lililotoa kile kijitabu nilichomtumia mtoto, ukakichana, lilianzishwa Santa Cruz, California, mwaka 1991, na Christina Pearson, mwanamke aliyekuwa na tatizo hilihili. Lilianza kwa jina la Trichotillomania Learning Center, baadaye likaitwa TLC Foundation for Body-Focused Repetitive Behaviors, ili wanaochuna ngozi na wanaotafuna midomo au mashavu nao wawemo. Halikuanza kwa kugawa dawa. Lilianza kwa kuwakutanisha watu ambao kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani. Kisha likaunda jopo la wanasayansi wa kulishauri, likafundisha wataalamu wa tiba, kwa sababu wengi huhitimu bila kufunzwa jambo hili na mgonjwa huishia kuambiwa "acha tu" na mtu mwenye shahada. Kwenye mikutano yao watu walikuwa wakivua wigi na vitambaa wenyewe, kwa hiari, wengine kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Kwa hiari, dada.

Wewe uliuvuta mtandio wa mwanao ukumbini siku ile ya harusi, mashangazi wote wamekaa, ukasema, "Haya, mtazameni huyo mnayemsifia." Mmoja akacheka. Mtoto hakulia. Alikaa chini kwenye mkeka akaikalia mikono yake miwili, viganja chini ya mapaja, na akakaa hivyo mpaka ubwabwa ukaisha. Najua ulikuwa umechoka, najua gharama zote za harusi zilikuwa juu yako na hakuna aliyekuambia ahsante. Mengine yote uliyonifanyia tangu utotoni nimeshayasahau. Hili halijanitoka.

Na tazama alichofanya. Kuikalia mikono ndiyo hatua ya pili ya tiba, na hakuna aliyemfundisha.

Tiba inaitwa kubadili mazoea. Waliitunga Nathan Azrin na Gregory Nunn mwaka 1973, na mpaka leo ndiyo mti wa kati wa kila kinachofundishwa. Hatua ya kwanza ni kujua. Kwa wiki moja mtoto anaandika kwenye daftari dogo: saa ngapi, wapi, mkono upi, alikuwa anahisi nini, na aliifanya nini nywele baada ya kuing'oa. Hilo la mwisho wazazi huona aibu kuuliza, nalo ndilo lenye siri. Wapo wanaoutazama mzizi, wapo wanaoipitisha midomoni, wapo wanaoimeza. Akiwa anameza, halafu tumbo likauma, akatapika au akakosa hamu ya kula, mpeleke hospitali siku hiyohiyo useme wazi kwamba anakula nywele. Zinaweza kufungamana tumboni zikawa donge ambalo haliyeyuki.

Hatua ya pili ni kuupa mkono kazi inayoshindana na kunyofoa. Hamu ikija, au mkono ukishapanda kichwani, anafumba ngumi na kubana mkono ubavuni kwa dakika moja hivi, au anaukalia. Lazima iwe kitu kinachofanyika darasani bila mwenzake kugundua. Hatua ya tatu ni mtu mmoja wa kumuunga mkono. Mmoja. Si ukoo mzima.

Baadaye mwanasaikolojia Charles Mansueto na wenzake waliongeza swali moja: kunyofoa kunamfanyia nini huyu mtu? Wanachungulia sehemu tano: hisia za mwili, mawazo, hali ya moyo, mazoea ya mikono, na mahali. Kwa mwanao, kwa ninavyoona mimi, ni mahali na vidole. Ananyofoa akisoma usiku, kiwiko cha kushoto mezani, kichwa kimeegemea kiganja. Vidole vinatafuta unywele mgumu kuliko wenzake. Basi mwondoe kwenye ile meza, asome amekaa mkekani, kitabu magotini. Abandike plasta kwenye kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, ncha zisihisi. Mkono mwingine mpe kipande cha kamba ya katani anyofoe nyuzi, Tanga haijakosa katani. Jioni achambue mchele au amenye karanga za kuchemsha. Usicheke. Vidole vyake vinataka kuhisi kitu na kukitoa. Vipe cha kutoa.

Kuna namna mbili za kunyofoa, na ukizichanganya utapoteza mwaka. Moja mtu hajui kama mkono umepanda. Hapo plasta na daftari husaidia sana. Nyingine anajua, anakwenda chooni makusudi kwa sababu kifua kimembana. Hapo plasta ataibandua. Hapo ni kuzungumza naye kuhusu kinachombana. Mtu mmoja huwa nazo zote mbili.

Mambo huharibika wapi? Kwa mzazi, mara nyingi. Anageuka polisi: "Mkono! Mkono!" kutwa mara ishirini, na mtoto anahamia chooni. Au anabadilisha kila kitu wiki moja, hakuna kinachoshika. Au anahesabu nywele za kwenye mto asubuhi. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na zinapochomoza huwasha, na mwasho huo ndio unaorudisha mkono. Mwezi wa pili mambo yanaweza kuonekana mabaya kuliko wa kwanza. Mtihani ukija atanyofoa tena. Hapo usiseme tumerudi nyuma. Shika daftari, mtazame pamoja kilichobadilika.

Mabega sasa. Kucha fupi. Kioo cha chooni kifunike kwa kanga, na ile balbu kali badilisha. Kidonda kikiwa kibichi kisafishe, paka mafuta ya mgando, funika kwa plasta; penye plasta vidole havipati kigaga cha kubandua. Kwenye ngozi yetu usisubiri wekundu ndipo ujue kimeingia wadudu: gusa joto, tazama uvimbe na usaha, pima homa. Na mabaka meusi usiyapake mkorogo, nakuomba. Unachubua ngozi inayojaribu kufunga.

Uliwahi kuuliza vidonge. Dawa iliyosemwa sana ni N-asetilisisteini. Utafiti wa 2009 kwa watu wazima 50, miligramu 1,200 hadi 2,400 kwa siku kwa wiki 12, ulionyesha zaidi ya nusu ya waliopewa dawa walipata nafuu. Walipojaribu kwa watoto, utafiti uliotoka 2013, haikushinda kidonge cha bandia. Ana miaka 14. Usitume mtu Dar kununua.

Unasema nilikuzunguka. Kwamba nilimtumia mtoto kifurushi kwa mkono wa mgeni bila kukuuliza: kijitabu, plasta, daftari. Ni kweli nilituma, na ningetuma tena. Mimi ni mama yake mdogo, si mpita njia. Ningekuuliza ungesema nini? Ungesema ni mambo ya Wazungu. Sikumpa siri yoyote; juu ya bahasha niliandika jina lake na lako, ukitaka itafute kwenye jaa ulikoitupa. Na wanaosoma hapa, kabla hamjaniambia namdhalilisha mkubwa wangu, ulizeni kwanza nani alimvua nani mtandio.

Nimepandisha sauti. Niwie radhi kwa sauti, si kwa maneno.

Yule mtu mmoja wa hatua ya tatu si lazima niwe mimi. Mtoto alitaja jina lako, dada. Baada ya yale yote, alitaja lako. Kazi yenyewe ni ndogo: mchague pamoja ishara, labda kumgusa bega mara moja tu, na siku akimaliza somo mkono uko chini umwambie umeona.

Jumamosi nitapiga saa tatu usiku ya huko. Pokea wewe, usimpe yeye kwanza. Na msusi akija kabla ya hapo mzuie: asimsuke twende kilioni wala rasta za kuongezea, kwa sababu nywele zikivutwa mzizi unaachia, na ngozi inayouma inauita mkono. Akitaka kujifunika, kitambaa laini cha pamba kinatosha, na afunge mwenyewe.