Fedha za utafiti wa ubongo zikikatika miezi sita, kazi hurudi nyuma miaka miwili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ambayo haikosi kusikika kila bajeti ya umma inapochelewa: kwamba utafiti wa sayansi unaweza kusimama kidogo, kisha ukaendelea pale ulipoishia fedha zikipatikana. Kwa utafiti wa ubongo hoja hiyo ni ya makosa, na hasara yake inahesabika kwa wiki na miezi.

Tuanze na panya wa maabara, maana sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu ugonjwa wa Alzheimer (unaopoteza kumbukumbu), Parkinson (unaoleta kutetemeka) na kifafa hupita kwake kwanza. Mtafiti anayetaka kuona jinsi kundi fulani la seli za neva linavyokufa mara nyingi huhitaji panya mwenye jeni tatu kwa pamoja: moja huleta ugonjwa, ya pili huchagua aina ya seli itakayochunguzwa, ya tatu huzifanya seli hizo zing'ae zikimulikwa chini ya hadubini. Mimba ya panya ni siku 19 hadi 21. Watoto huachishwa kunyonya wakiwa na siku 21 hivi, na wanaweza kuzaa wakifika wiki 6 hadi 8. Kizazi kimoja basi ni karibu miezi mitatu, na kuziunganisha jeni tatu huchukua vizazi viwili au vitatu. Hata hapo, kama kila jeni ina nafasi nusu kwa nusu ya kurithiwa, ni mtoto mmoja kati ya wanane atakayezibeba zote. Mzao mmoja huwa na watoto 6 hadi 8. Ukitaka madume 12 na majike 12 wenye ugonjwa, pamoja na idadi hiyohiyo ya ndugu zao wazima wa kulinganisha nao, unahitaji mizao 24 au zaidi.

Kisha wazeeke. Ugonjwa wa uzeeni hauonekani kwa panya kijana, hivyo aina nyingi hufugwa hadi miezi 12, na anayechunguza uzee wenyewe hutaka panya wa miezi 18 hadi 24. Baada ya hapo kuna upasuaji wa kupachika kidirisha cha kioo kwenye fuvu ili ubongo uonekane, wiki mbili au tatu za kupona, wiki tatu au nne za kusubiri virusi vilivyobeba jeni ya kupimia vifanye kazi ndani ya seli, na wiki kadhaa za kumfundisha mnyama zoezi la kumbukumbu. Jumlisha: miezi 9 ya kuzalisha, 12 ya kuzeesha, 3 ya maandalizi. Hiyo ni miaka miwili kabla ya kipimo cha kwanza chenye maana.

Sasa ruzuku isitishwe katikati kwa miezi sita. Panya hawazimwi kama mashine. Wanataka chakula, maji, vizimba visafi, hewa inayozunguka, saa 12 za mwanga na 12 za giza, na daktari wa mifugo wa kuwakagua. Asipopatikana wa kulipia hayo, maadili ya utafiti hayaruhusu kuwaacha wateseke. Kundi lote hutolewa uhai. Fedha zikirudi mwezi wa saba, saa inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri.

Watafiti wenzangu wana kinga moja, na wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa: kugandisha mbegu za madume katika nitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Ifanyike aina ya panya inapothibitishwa tu, madume wangali na miezi mitatu hadi sita, na sampuli moja iyeyushwe kujaribiwa kabla hujawaaga wanyama walio hai. Ila kugandisha hakuondoi hasara yote. Mbegu hubeba nusu tu ya urithi, kwa hiyo kumrudisha panya mwenye jeni tatu humaanisha kutunga mimba kwenye chombo, kupandikiza, kusubiri miezi mitatu au minne, halafu kuanza tena kuvusha vizazi.

Ratiba ya ruzuku nayo haielewani na ratiba ya ubongo. Kutoka kuandika andiko hadi fedha kuingia, pakiwa na wahakiki, vikao na vibali vya maadili, ni kawaida mwaka kupita. Ruzuku ya miaka mitano ina maana kwamba panya wako tayari mwisho wa mwaka wa pili, na andiko la ruzuku ijayo lazima liandikwe mwaka wa tatu au mapema wa nne, wakati matokeo ya kulitetea ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Ucheleweshaji wa miezi mitatu mwanzoni hula miezi hiyohiyo ya matokeo. Wahakiki hawalioni hilo. Wanaona andiko dhaifu.

Hata nchi tajiri haziko salama. Marekani ilianzisha mpango wake mkubwa wa utafiti wa ubongo, BRAIN Initiative, mwaka 2013. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 680 mwaka wa fedha 2023, ikashuka hadi milioni 402 mwaka wa fedha 2024. Hakuna maabara inayoweza kupanga kuzeesha panya miaka miwili juu ya msingi unaoyumba hivyo.

Ujuzi wa mikono nao huondoka na mwenye mikono. Anayepima umeme wa seli moja ya neva hukata ubongo vipande vya unene wa mikromita 300, yaani sehemu ya kumi tatu za milimita, akaviweka kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5. Kisha huisogeza ncha ya bomba la kioo, lenye tundu la mikromita moja hivi, hadi iiguse seli, akanyonya polepole mpaka kioo na utando wa seli vishikane kwa ukinzani wa umeme unaozidi gigaomu moja, yaani omu bilioni moja. Ncha ikiwa na uchafu, chumvi ya ndani ya bomba isipolingana na ya seli, au meza ikitikisika, havishikani. Vipande hubaki hai saa 6 hadi 8, basi, siku imekwisha. Erwin Neher na Bert Sakmann waliichapisha mbinu ya msingi ya kazi hii mwaka 1976 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991, lakini mpaka leo hufundishwa mtu akiwa ameketi pembeni ya mwingine, kwa miezi mingi. Mkataba wa mjuzi ukiisha Juni na barua ya ruzuku ikija Septemba, atakuwa ameshapata kazi kwingine, na aliyebaki hana wa kuketi pembeni yake.

Ninachowaomba wapangaji wa bajeti ni vitu vyenye kiasi. Tengeni mfuko wa dharura wa kulipia miezi sita ya wanyama, friza za nyuzijoto 80 chini ya sifuri na fundi sanifu mmoja kwa kila maabara iliyokwama. Ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kurudia miaka miwili. Toeni taarifa ya kusitisha angalau miezi 12 kabla. Na ruhusuni salio livuke mwaka wa fedha, kwa sababu sharti la kurudisha fedha Juni huwasukuma watu kununua kemikali zitakazoharibika rafuni, ilhali mshahara wa Julai hauna pa kutoka.

Suala la wagonjwa halipaswi kusubiri mengine. Majaribio ya kutibu sonona isiyosikia dawa hutumia elektrodi, yaani nyaya nyembamba za kupitisha umeme, zilizopandikizwa ndani ya ubongo, zikiendeshwa na kifaa kilichowekwa chini ya ngozi ya kifua. Betri ya aina isiyoweza kuchajiwa upya mara nyingi hudumu miaka 3 hadi 5, na mradi wa utafiti nao mara nyingi ni wa muda huohuo. Betri ikifa, dalili zinaweza kurudi, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine. Mtu huyo alijitolea kichwa chake kwa manufaa ya umma. Gharama ya betri ya pili, na ya kukiondoa kifaa akitaka, itengwe siku ruzuku inaposainiwa, katika akaunti isiyoguswa na punguzo lolote, na fomu ya ridhaa itaje ni nani atakayelipa kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Mtafiti wa ubongo na mfumo wa neva