Barua kwa sahibu yangu mhandisi

Tudor, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia umeazimia kuomba nafasi ya shahada ya uzamivu Marekani, ingawa bado wasita kati ya uchumi na fedha. Umeniuliza kama watu wa uchumi watakudharau kwa kuwa wewe ni mhandisi. La hasha! Robert Merton alisomea hisabati ya uhandisi Columbia kabla ya kuchukua udaktari wa uchumi chuo cha MIT, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Vilfredo Pareto, mwanauchumi mwingine mashuhuri, naye alianza maisha akiwa mhandisi wa reli.

Kinachonitia wasiwasi ni insha ya maombi uliyoniletea. Kurasa mbili nzima waeleza jinsi unavyojua hesabu. Alama zako wataziona kwenye cheti, na waombaji wenzako nao hesabu wanazijua. Wasichokiona ni swali lako, na swali unalo tangu ulipohamia Likoni. Kila tukionana hunieleza habari ya feri ya kuvukia kuja mjini: mwenda kwa miguu havushwi kwa pesa, gari hulipa, lakini wote hulipa kwa saa zao pale foleni. Ulinihadithia yule fundi cherehani jirani yako, aliyeiacha kazi nzuri ya mjini kwa kuwa hakuweza kumwahidi tajiri wake atafika saa ngapi. Hasara yake imeandikwa daftari gani? Jules Dupuit, mhandisi wa barabara na madaraja wa Ufaransa, aliuliza jambo la namna hiyo mwaka 1844: darajani pakitozwa ushuru, wale wanaoacha kupita wamepoteza kiasi gani, ilhali hawamo katika hesabu za mtoza ushuru? Basi anza na huyo fundi. Kisha eleza ungepima nini, kwa takwimu zipi, hasa sasa ambapo njia ya Dongo Kundu imefunguliwa na magari yana pa kupitia pengine.

Swali hilo ni la idara ya uchumi. Masomo ya fedha kwa kawaida yako chini ya shule za biashara, huchukua wanafunzi wachache sana kila mwaka, na huko mazungumzo ni bei za hisa, hatari za uwekezaji na mitaji ya kampuni. Najua maprofesa wa fedha hulipwa vizuri zaidi. Hata hivyo, miaka mitano au sita ni mingi kukaa na jambo usilolipenda.

Pengo lako la kweli ni jingine. Hisabati tuliyofundishwa uhandisi ni ya kupata jibu. Kwenye uzamivu wa uchumi, tangu muhula wa kwanza, utatakiwa kuthibitisha kwa nini jibu ni kweli. Jisajili somo la “real analysis”, yaani hisabati ya kuthibitisha misingi ya kalkulasi, katika chuo chochote kitakachokupokea, ulifanyie mtihani, upate alama ya kuonyesha. Ongeza ekonometria, yaani takwimu za kupimia mambo ya uchumi. Vyuo vingine bado hutaka GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu. Sehemu ya hesabu upeo wake ni 170, na wewe usikubali kuwa mbali na hapo.

Barua za mapendekezo huwa tatu. Mkubwa wako kazini atasema u mwaminifu na hodari, na ni kweli, ila kamati ya kuchagua wanafunzi yataka kusikia kama waweza kufanya utafiti. Mtafute mwanauchumi anayeandika makala, umsafishie data, umsaidie makadirio, hata jioni baada ya kazi. Barua ya mtu huyo mmoja itakufaa kuliko za mameneja watatu.

Kuhusu pesa, mwambie mama asiuze kiwanja. Programu nzuri hulipa karo na hutoa posho, nawe husaidia kufundisha. Wasipotoa, usiende. Ada ya maombi nayo waweza kuomba usamehewe. Maombi mengi hufungwa Desemba, na ukipata nafasi yenye ufadhili, vyuo vingi hukupa hadi 15 Aprili kujibu.

Niletee insha mpya kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Na Jumamosi njoo na daftari, tuanze zile thibitisho pamoja baada ya Alasiri. Nyumbani wote wakusalimu.

Ni mimi sahibu yako