Shoga, Rochester wako nimemkataa

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Za siku? Mimi mzima, mafua tu. Ile riwaya ya Jane Eyre uliyoniachia nimeimaliza jana saa nane za usiku, na sijui nikushukuru au nikununie. Si wewe uliyeapa kwamba nitampenda Rochester? Huyo ndiye wa kupendwa?

Bwana ana mke. Mke mwenyewe katoka Jamaica na pauni 30,000 za baba yake, naye kamfungia ghorofa ya tatu miaka kumi. Kicheko kikisikika usiku, lawama anabebeshwa Grace Poole, mtumishi. Halafu anavaa vizuri anakwenda kanisani kumuoa Jane, mwalimu wa mtoto wa nyumba hiyohiyo, mpaka wakili anyanyuke kuizuia ndoa! Huku kwetu mume akitafuta wa pili, wa kwanza hupata tetesi sokoni. Kwa Rochester, wa pili ndiye asiyejua kuwa ni wa pili.

Na lile la kujigeuza bibi mpiga ramli? Mtu anakaribia miaka 40, kajitanda mitandio, anawatazamia wageni wake mwenyewe ili tu amchimbe Jane moyo wake uko wapi. Si amuulize! Nilicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Haya, nyumba ilipowaka alipanda kumwokoa mkewe, akapoteza macho na mkono. Hapo simnyimi haki yake. Lakini ile kufuli nani aliitia?

Heathcliff wa Wuthering Heights hata simjadili. Usiku wa kumtorosha Isabella alimtundika mbwa wake, na dada wa watu akaondoka naye vilevile. Shoga, ukikuta mchumba kamtundika mbwa wako, rudi ndani ufunge mlango.

Darcy wa Pride and Prejudice ana nafuu, ila posa yake ya kwanza ilikuwa kumweleza Elizabeth jinsi ukoo wake ulivyo duni. Tunamsamehe upesi kwa sababu ya pauni 10,000 kwa mwaka. Angekuwa konda wa daladala tungesema hana adabu, basi.

Unajua niliyempenda? Joe, yule mhunzi wa Great Expectations. Wala si shujaa wa kitabu; shujaa ni Pip, aliyemuonea haya alipokuja London na kofia yake isiyotulia mahali. Pip akaja kuugua, madeni yamemfika shingoni. Joe akamuuguza kama mtoto, akamlipia deni kimyakimya, akaondoka alfajiri bila kumwamsha. Kaacha kijibarua na risiti. Ile risiti ndiyo iliyoniliza, si mapenzi ya mtu yeyote.

Huyo akileta posa hata mshenga simdai. Lakini nilipofika mwishoni nikakuta Biddy kaniwahi, kaolewa naye.

Kitabu nitampa mdogo wako Ijumaa. Ile sura ya kanisani ina doa la mchuzi. Nilipiga meza kwa hasira. Mdai Rochester.

Shoga yako