Mashamba yetu tusiyajaze mivinje mitupu, ndege nao wanataka kula

Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo nisemee hili jambo la kupanda miti kwenye mashamba huku kwetu Pemba, manake tunagaiwa miche na tunashukuru kwa kweli, lakini miche yenyewe ni mivinje na mikaratusi, inapangwa mistari mpaka shamba zima linakuwa mti wa aina moja. Mie sipingi boriti wala kuni, watu wanajenga na wanapika. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba huko ndo kurudisha msitu.

Ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani, hayupo pengine popote duniani, yeye na chozi wa Pemba anayefyonza maua na yule bundi mdogo na kale kandege ka manjano kenye duara jeupe jichoni, wanne hao ni wa kisiwa hichi tu. Ninga anakula matunda, na mkuyu ndo riziki yake, tena mikuyu haizai yote pamoja, huu ukimaliza ule unaanza. Mvinje utampa nini? Ingia chini ya mivinje iliyoshikana uone, majani yake membamba yamelala mkeka mzima, hapaoti kitu. Chozi anapata maua ya mkaratusi, hilo nakubali, lakini wenzake je?

Sasa tazama shamba lililoachwa karibu na msitu wa Ngezi, lenye mwembe mmoja mkongwe katikati. Mchana ndege wanatua pale, usiku popo wanakuja, wanaangusha mbegu walizokula msituni, na mvua zikipita chini ya ule mwembe utakuta miche ambayo hakuna mtu alopanda. Hapo kazi yetu ni kuzuia moto na ng'ombe tu, pori linarudi lenyewe na halitaki pesa nyingi. Ila mbali na msitu mbegu hazifiki, huko lazima tupande, lakini tuchanganye: mikuyu, mivule, mitondoo, mizambarau, na mivinje iwekwe pembeni kwa boriti.

Na sie wenye eka tatu za mikarafuu, jamani tusikate kila mti mkongwe kwa sababu hauzai. Bundi wetu anaonekana mpaka kwenye mikarafuu, hasa iliyo karibu na msitu, na bundi wadogo wa jamii yake wanataga kwenye matundu ya miti mikubwa. Najua wengi wanamuogopa wanasema wa kichawi, wallahi ni ndege tu anakula wadudu.

Ombi langu kwa wanaotugaia miche, msimu ujao wekeni mikuyu na mivule kwenye vitalu, na mkija kukagua msihesabu miche tu mkaondoka, njooni alfajiri mkae shambani muandike na ndege waliomo. Wenye mashamba tutawapokea.

Mkulima,
Makangale, Pemba